Doldol palinifunza kusikiliza

WENGI wanaofika Nanyuki hudhani safari imekwisha. Hupiga picha penye kibao cha ikweta, hunywa chai, hutazama Mlima Kenya ukijifunika mawingu kabla ya saa nne asubuhi, kisha hugeuza gari warudi Nyeri au Nairobi. Ni wachache wanaouliza ile barabara itokayo mjini kuelekea kaskazini inakwenda wapi. Inakwenda Doldol, mwendo wa kilomita zipatazo 55, na anayeifuata hadi huko hakosi la kusimulia akirudi.

Hebu tuifuate, msomaji. Mara tu nyumba za Nanyuki zinapokwisha, mashamba ya mazao nayo huanza kuadimika. Mlima huo wenye kimo cha mita 5,199 hujitwalia sehemu kubwa ya mvua upande wa kusini na mashariki, na upande huu wa kaskazini hubakiziwa rasharasha. Utapita Naibor, utaandamana na nyua za mashamba makubwa ya mifugo kama Ol Jogi, vilima vya Lolldaiga vikiwa mkono wako wa kulia, kisha utafika Il Polei. Kadiri unavyosonga mbele ndivyo miti inavyopungua kimo na udongo unavyozidi wekundu. Hatimaye unaona safu ya maduka, kanisa, shule, ofisi za serikali, na mbuzi waliolala barabarani kana kwamba wao ndio wenye leseni ya kuegesha.

Hapo ndipo Doldol, mji mkuu wa Laikipia Kaskazini. Wenyeji ni watu wa lugha ya Kimaa: Ilng'wesi, Mumonyot, Digiri, Leuaso na Wamukogodo wenyewe, ambao mababu zao waliitwa Wayaaku. Nyuma ya mji umo msitu wa Mukogodo wenye mitarakwa, miamba na mapango.

Lakini makala haya hayahusu wanyama wala hoteli za watalii. Yanahusu mtambo wa muziki, wa kwanza wa maana niliopata kuumiliki, na jinsi mahali pasipokuwa na stima palivyonionyesha kazi yake halisi.

MTAMBO WA MASETLA

Nilitumwa Doldol mwaka 1980 nikiwa mwalimu kijana kutoka Tetu, Nyeri. Mzigo wangu ulikuwa godoro, jiko la makaa na redio ya betri iliyonasa Sauti ya Kenya ilipopenda yenyewe. Spika yake ilikuwa na upana wa kiganja. Mwimbaji yeyote, awe mnene awe mwembamba, alitoka humo na sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

Siku hizo kununua mtambo mzuri dukani halikuwa jambo la mwalimu. Vyombo vya anasa kutoka nje vilitozwa ushuru mkubwa. Njia ya mtu wa kawaida ilikuwa ni kungoja Mzungu ahame. Masetla walikuwa wengi viungani mwa Nanyuki tangu zamani za reli, iliyofika hapo mwaka 1930, na kila familia iliyozeeka ilipouza shamba na kurudi Uingereza, vyombo vya nyumba vilitandazwa barazani vikabandikwa bei: vijiko, vitanda, mashine ya kukatia nyasi, hata picha za mbwa.

Mwaka 1981 nilikwenda kwenye uuzaji wa namna hiyo nikitafuta meza ya kuandikia. Meza niliiona. Juu yake palikuwa na kitu cha kuzungushia santuri kilichoandikwa Garrard, kilichotengenezwa Swindon. Kando yake kulikuwa na vyuma viwili vya Quad, kimoja cha kurekebisha sauti chenye vitufe vya rangi ya machungwa, kingine cha kuikuza, wati 45 kila upande. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1967 na wapenzi wa muziki duniani huitafuta mpaka leo. Palikuwa pia na deki ya kaseti ya Sony pamoja na maikrofoni yake. Sakafuni zilisimama spika mbili za mbao, Wharfedale, kazi ya kampuni aliyoianzisha Gilbert Briggs huko Yorkshire mwaka 1932.

Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye mvi, aliniona nikizitazama. Hakuniuliza kama nina pesa. Aliweka santuri ya Jim Reeves, akateremsha sindano taratibu, akatoka kwenda kuhudumia wengine.

Jim Reeves alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964. Pale sebuleni alikuwa mzima. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya neno. Nilijua gitaa liko kushoto na kinanda kiko kulia, na yeye amesimama katikati, hatua mbili kutoka kwenye goti langu. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara mia kwenye baa na matatu za Nyeri, kwani watu wa mlimani tunampenda sana mwimbaji huyo. Lakini kumsikia mtu akipita barabarani si sawa na kuketi naye.

Bei yake ilikuwa mishahara yangu ya miezi minne. Nilikopa katika chama cha ushirika nikalipa. Meza sikuinunua.

Safari ya kurudi ilikuwa katika Land Rover ya abiria. Spika nilizifunga kwa mablanketi nikaziweka kitini kati ya gunia la sukari na mama mmoja aliyepakata mtoto wa mbuzi. Utingo alizitoza nauli ya watu wawili. Nilipolalamika, alinijibu kwamba yeye haulizi abiria kama anapumua, anauliza kama ameketi.

STIMA YA SAA MBILI

Utauliza, msomaji, mtambo wa stima ulikuwa na kazi gani mahali pasipo na stima. Ndivyo walivyouliza walimu wenzangu, tena kwa kicheko. Doldol ya wakati huo ilimulikwa na taa za mafuta na mwezi. Stima pekee ilitoka kwenye jenereta ya dizeli karibu na nyumba yangu, iliyowashwa saa moja jioni na kuzimwa saa tatu. Niliomba, nikakubaliwa kuvuta waya kwa sharti kwamba nichangie mafuta.

Usiku wa kwanza nilikaribisha watu wachache. Jim Reeves alianza vizuri. Katikati ya ubeti, mtu fulani upande wa pili akawasha taa zaidi, na jenereta ikalemewa ikapunguza mwendo. Jim Reeves naye akapunguza mwendo. Sauti yake, ambayo tayari ilikuwa nzito, ilishuka ikawa kama ya fahali aliyekwama matopeni. Taa zilipozimwa, akapanda tena.

Sababu yake ni rahisi. Mota ya Garrard hufuata mapigo ya stima inayoingia, na stima ya Kenya, sawa na ya Uingereza, ina mapigo 50 kwa sekunde. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika endapo tu mapigo hayo yametimia. Jenereta ikilegea hadi mapigo 47, muziki wote hushuka kwa kiasi cha kibonye kimoja cha kinanda. Wageni wangu hawakuhitaji maelezo haya. Walisema tu, "Leo mwimbaji ana homa." Tangu siku hiyo, kabla ya kuketi, mtu angeniuliza, "Mwalimu, mgonjwa anaendeleaje?"

Adui wa pili alikuwa vumbi. Vumbi la Doldol ni laini kama unga wa wimbi, na huingia hata palipofungwa. Sindano ya Garrard ililikusanya kama ng'ombe anavyokusanya kupe. Nilijifunza kuifuta kila baada ya upande mmoja wa santuri kwa brashi ndogo ya kuchorea, na kuzisimamisha santuri wima chini ya kitanda ambako jua halingezipinda.

Adui wa tatu, ikiwa anafaa kuitwa adui, alikuwa mvua. Nyumba yangu ilikuwa ya mabati, na matone yalipoanguka hakuna wati zilizoweza kushindana nayo. Lakini sikumwona hata mmoja aliyenung'unika. Nilipunguza sauti, tukanyamaza, tukaisikiliza mvua mpaka ikaisha. Huko Doldol huo ndio wimbo unaoombwa zaidi kuliko nyimbo zote.

MIDOMO MIWILI, MASIKIO HAKUNA

Stima ya saa mbili ilikuwa na baraka yake. Mtu mwenye stima usiku kucha huuacha muziki ulie huku akikaanga vitunguu. Sisi tulikuwa na saa mbili tu, basi tuliketi tukasikiliza. Wazee walikuja na vigoda vyao. Akina mama walikaa mlangoni. Morani walisimama nje gizani wakijifanya hawasikilizi.

Usidhani kwamba hawa walikuwa watu wa kushangazwa na kelele za Mzungu. Muziki wa Kimaasai haufungamani na ala. Ni sauti za watu. Mmoja huongoza wimbo na wengine humwitikia kwa mngurumo wa kooni, na tangu utotoni mtu hujifunza kupima sauti jinsi wengine wanavyopima ng'ombe. Hukumu zao zilikuwa kali. Jim Reeves walimpitisha mara moja: "Huyu anaimba kama mtu aliyeshiba." Joseph Kamaru hawakumwelewa lugha, lakini walisema anazungumza na baba yake. Bendi ya Maroon Commandos ya wanajeshi wetu waliipenda. Franco wa Zaire, pamoja na magitaa yake yote yaliyofumana, aliwasumbua. Mzee mmoja aliuliza mwenyewe yuko wapi, mbona vijakazi wake ndio wanaosema muda wote.

Mzee huyo alikuwa jirani yangu. Ndiye aliyekuwa ameniuliza, siku spika ziliposhushwa garini, nimezitolea mafahali wangapi. Nilipofanya hesabu nikamwambia wanne, alizizunguka polepole.

"Kinazaa?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Kinakamwa?"

"Hapana."

"Basi umenunua mgeni," akasema, akaenda zake.

Alikuja kila jioni, hata hivyo. Baada ya wiki kadhaa alinipa hukumu yake ya mwisho. "Mwalimu, chombo chako ni kizuri. Lakini kina midomo miwili, na masikio hakina hata moja. Mtu wa namna hiyo huku kwetu hatumwiti barazani."

Nilicheka, kisha nikakumbuka maikrofoni ya Sony iliyokuwa ingali ndani ya sanduku lake.

"Sikio linalo, Mzee," nikamwambia. "Hatujalitumia tu."

Kabla sijasimulia lililofuata, yafaa niseme neno kuhusu kimya cha Doldol, maana ndicho kilichofanya kazi nusu. Jenereta ilipozimwa saa tatu, ulibaki usiku mtupu. Hewa iliyogusa ardhi ilipoa upesi kuliko ya juu, na katika hali hiyo sauti haipotei angani bali hupinda na kurudi chini. Ndiyo maana mchungaji mmoja aliniambia kwamba alitusikia kutoka ng'ambo ya bonde, na akautaja wimbo. Sisi nasi tulisikia kengele za ng'ombe wa mbali, fisi na mbwa. Tembo wa Mukogodo pia walisema, ila si sote tulioweza kuwasikia. Watafiti waliofanya kazi Amboseli katika miaka ya 1980, Joyce Poole na Katy Payne, walionyesha kwamba tembo huitana kwa sauti nzito mno, nyingine chini ya kiwango cha sikio la mwanadamu. Hata zile Wharfedale zangu zisingeweza kuitoa sauti hiyo. Lilikuwa jambo jema kujua kwamba mtambo wa mafahali wanne una mipaka yake.

SAUTI YA KOKO

Mzee alimleta mama yake mkubwa. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaa. Alikuwa mdogo wa mwili, shanga zimejaa shingoni, macho yamefifia, masikio mazima kabisa. Nilikadiria umri wake kuwa miaka themanini. Alizaliwa msituni, katika pango, wakati Wayaaku walipokuwa bado Wayaaku.

Hapa yafaa tukumbuke historia kidogo. Wayaaku walikuwa wawindaji na warina asali wa msitu wa Mukogodo, wenye lugha yao ya jamii ya Kikushi, mbali kabisa na Kimaa. Utajiri wao ulikuwa mizinga ya nyuki, na mahari ililipwa kwa mizinga. Serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wamaasai wengi kutoka Laikipia baada ya mkataba wa 1911, kisha ikatenga Mukogodo kuwa sehemu ya wenyeji waliosalia, msitu ulipata majirani wapya wenye ng'ombe. Majirani hao walitaka mahari ya ng'ombe. Kijana wa Kiyaaku mwenye mizinga mitupu akawa hana cha kumpa baba mkwe, ilhali binti wa Kiyaaku aliolewa kwa mifugo. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wakatoka mapangoni, wakafuga, na pamoja na ng'ombe wakachukua lugha ya wenye ng'ombe. Haikuchukua hata vizazi viwili. Akina mama wakaacha kuwasemesha watoto Kiyaaku, kwani kilionekana lugha ya maskini.

Koko alikuwa mmoja wa wachache waliobaki nacho. Si kwamba alikizungumza; hakuwa na wa kuzungumza naye. Alikuwa nacho kama mtu anavyokuwa na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Tuliiweka maikrofoni juu ya shuka iliyokunjwa ili isinase mtikisiko wa meza. Niliingiza kanda mpya ya dakika 60. Mngurumo wa jenereta hatukuweza kuuzuia, na umo kwenye kanda hiyo mpaka leo. Mzee alimwomba mama ahesabu. Alianza, akasita, akafumba macho, akaanza tena. Kisha akataja aina za nyuki, aina za asali, sehemu za mzinga na miti inayotundikwa mizinga. Neno moja lilipomjia, liliburuta la pili. Mahali fulani alicheka peke yake, wala hakutueleza kisa. Alisema kwa dakika 22, akanyamaza.

Nilirudisha kanda nyuma, nikafungua sauti kiasi, nikabonyeza.

Koko alisikiliza mpaka akamaliza kuhesabu. Halafu alinyosha mkono kuelekea spika ya kulia, bila kuigusa, akasema kwa Kimaa neno ambalo Mzee alinitafsiria akiwa amegeuza uso.

"Anasema huyo ni mama yake."

Tulimweleza kwamba ni yeye. Akakataa katakata. Sauti yake aliijua, alisema, na si ile. Ile ilikuwa ya mama yake, na alifurahi kwamba nimempata.

Baadaye nilisoma na kuelewa. Mtu anaposema, sauti yake humfikia kwa njia mbili: hewani, na kupitia mifupa ya kichwa, ambayo huizidisha uzito. Sauti tuliyozoea kuwa yetu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Mtambo hunasa ile ya hewani tu, ndiyo maana karibu kila mtu akijisikia kwa mara ya kwanza husema, "Hapana, si mimi." Ile ya hewani ndiyo majirani wameisikia miaka yote. Koko alikuwa ameisikia lugha ile mara ya mwisho kwa namna hiyo kutoka kinywani mwa mama yake. Na kwa kuwa vinywa vya damu moja hufanana, mtambo mzuri usiodanganya ulimletea kufanana kwenyewe.

Kwenye ile redio yangu ya kiganja, nadhani asingemtambua yeyote.

MWAKA WA MAHINDI YA NJANO

Mvua za masika za 1984 hazikuja. Wanaokumbuka mwaka huo huutaja kwa chakula chake: mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka Marekani, ambayo watu wa Nyeri waliyakunjia pua mwanzoni na kuyapangia foleni mwishoni. Huku Mukogodo hali ilikuwa mbaya zaidi. Mifugo ilisogezwa kuelekea misitu ya Mlima Kenya ikitafuta majani, na mingi ilianguka njiani. Darasani kwangu walibaki watoto kumi na mmoja. Dizeli ilipopatikana ilikuwa ya kazi za lazima, na mtambo ukakaa miezi mingi chini ya shuka, kimya kama mtu aliyefiwa.

Jirani yangu alirudi kutoka mlimani na ng'ombe saba. Aliondoka nao zaidi ya sitini. Aliketi kwenye kigoda chake mbele ya spika zisizosema, akakaa sana.

"Mwalimu," akasema, "nilikwambia hakizai. Lakini leo naona hakifi pia."

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa tayari nimepokea barua kutoka Tetu. Mahindi na maharagwe ya mama yalikauka yakiwa na kimo cha goti, na dada yangu wa Kidato cha Tatu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwenye baa mmoja wa Nanyuki aliwahi kuniambia kwamba siku nikichoka na chombo hicho nimwone. Nilimwona. Alinipa chini ya nusu ya nilichotoa, nami nikachukua, maana njaa haijui bei. Dada akarudi shule. Mama akanunua gunia.

Mzee alinisaidia kupakia. Spika ya kulia aliibeba mwenyewe, akaiweka kitini kwa uangalifu. Gari lilipoondoka aliniuliza, "Na yule mama? Naye amekwenda baa?"

Nilimwonyesha kanda mfukoni mwangu. Akatikisa kichwa akaridhika. "Umeuza mdomo," akasema. "Maneno umebaki nayo."

Mwaka uliofuata nilipita mbele ya baa hiyo. Zile Wharfedale zilikuwa zimetundikwa juu ya mlango, zimefunguliwa sauti mpaka karatasi zake zikachanika, na mwimbaji alikuwa amerudi ndani ya debe. Sikuingia.

DOLDOL YA LEO

Nilihamishwa, nikazeeka, nikastaafu. Miaka ya hivi karibuni nilirudi Doldol kutembea. Stima ipo sasa. Paneli za miale ya jua zinameremeta juu ya mabati, boda boda zinapita na muziki wake, na hakuna kijana anayehitaji kuuza mafahali wanne ili asikie wimbo. Anao elfu moja mfukoni. Koko alishakufa, na jirani yangu pia. Mungu awarehemu.

Lugha ya Koko nayo imetangaziwa msiba mara kadhaa. Mjerumani Bernd Heine aliiandikia maelezo katika miaka ya 1970, alipokuta wasemaji wachache wazee. Katika miaka ya 2000 wenyeji walipoanza kudai jina lao la Wayaaku, walialikwa wataalamu kutoka chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, waone kama yaweza kufufuliwa. Mwaka 2010 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa lugha zilizokufa. Pamoja na hayo wapo vijana huko wanaojifunza salamu, hesabu na majina ya miti, neno kwa neno, kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi.

Kanda yangu ilikuwa imekaa kwenye mkebe wa biskuti kwa zaidi ya miaka thelathini. Fundi mmoja wa redio mjini Nyeri aliifungua, akahamisha utepe kwenye ganda jipya, akaipitisha mara moja tu na kuinakili kwenye simu. Sehemu ya mwisho imefifia. Dakika kumi na nane zinasikika.

Kitukuu cha Koko, msichana wa shule ya sekondari, alikuja na daftari na spika ndogo isiyo na waya, yenye ukubwa wa kikombe cha chai. Haikuwa na uzito wowote. Mngurumo wa jenereta, ambao Wharfedale zingeutoa kama ngoma, ulisikika kama nzi dirishani. Aliirudia hesabu mara nne, akiandika. Mara ya tano aliiweka kalamu chini.

"Babu," akaniambia, "mbona anaongea kama mama yangu?"

Vijana hunitumia siku hizi matangazo ya mitambo mipya ya bei ya gari, nami huyasoma kwa hamu, kwani aliyewahi kumsikia mwimbaji akivuta pumzi hasahau. Chombo kizuri ni kizuri. Lakini nikiulizwa ile Quad na zile spika zilinifaa nini, sitaji magitaa. Husema zilikaa miaka mitatu katika nyumba ya mabati huko Doldol, saa mbili kila jioni, na katika muda huo zilimrudisha mama wa mtu kwa dakika 22.

Ukienda huko, msomaji, toka Nanyuki asubuhi, beba maji ya kutosha, na usikimbilie kurudi kabla ya giza. Lala usiku mmoja. Zima kila kinachopiga kelele, keti nje, uache masikio yako yazoee. Na iwapo huko utokako una nyanya au babu ambaye bado anasema, kumbuka kwamba simu uliyo nayo ina sikio. Iweke juu ya nguo iliyokunjwa, umwombe ahesabu mpaka kumi.